Kabla Hujachoma Sindano: Kwa Wanaoanza Utafiti wa Homa ya Bonde la Ufa

Wengi mnaojiunga na utafiti wa Homa ya Bonde la Ufa (RVF), ugonjwa wa kirusi wa mifugo na watu unaoenezwa pia na mbu, mnafika na hamu ya maabara. Mnataka PCR (kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi), mnataka kusoma jenomu ya kirusi. Sawa, mtasoma. Ila sampuli nyingi huharibikia bomani, pale mnyama anaposhikwa, damu ikatolewa, na asipatikane wa kuuliza habari zake.

Kirusi chenyewe hakikai kwenye damu, ni siku chache tu. Ukifika wiki tatu baada ya kondoo kutupa mimba, PCR itasoma hasi hata kama ndicho kilichomtupisha. Kinachobaki ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi: IgM, za mwanzo, kwa wiki kadhaa, na IgG, zinazofuata, kwa miaka. Sasa ng'ombe mzee akiwa na IgG utasema nini? Huenda aliupata mlipuko wa miaka mingi iliyopita. Ndama wa miezi miwili je? Huenda kapewa na mama yake kwenye dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Mwenye habari ni kondoo au mbuzi wa mwaka hivi, aliyezaliwa hapo hapo, hajachanjwa, na ambaye tangu azaliwe hakujatangazwa mlipuko. Huyo akikutwa na IgG, jua kirusi kimepita kimya kimya.

Kwa hiyo jifunze meno. Wanyama hawa hawana meno ya mbele juu, basi funua mdomo wa chini na uangalie yale mawili ya katikati. Yakiwa madogo na membamba, bado ni ya utoto. Kondoo hubadilisha jozi hiyo kati ya mwaka na mwaka na nusu, ng'ombe akikaribia miaka miwili. Linganisha na anachosema mwenye mali. Mkitofautiana, andika vyote viwili. Kisha uliza: kazaliwa hapa au katoka mnadani? Kwenye chanjo usiulize "alichanjwa RVF?", maana utajibiwa ndiyo ili umalize uende zako. Uliza mara ya mwisho kuchanjwa ilikuwa baada ya mvua zipi, na walisema ni ya ugonjwa gani. Chanjo hai ya Smithburn, iliyotengenezwa kwa kirusi kilichodhoofishwa, huacha kingamwili ambazo kipimo chetu cha kawaida hakizitofautishi na za ugonjwa wenyewe.

Mbu nao wana kalenda yao. Mbu wa aina ya Aedes hutaga kwenye udongo wenye unyevu wa mabondeni, na mayai hustahimili ukame kwa miaka yakisubiri mafuriko. Mwaka 1985 mtafiti Linthicum na wenzake walichapisha kwamba walikipata kirusi kwa Aedes waliokuzwa kutoka viluwiluwi vya bondeni Kenya, yaani mbu ambao hawajawahi kumuuma mnyama yeyote. Mama alikuwa amewarithisha. Ukitega mitego ya taa kiangazi ukakosa kitu, usiandike kwamba hawapo: chukua udongo wa bondeni, umwagie maji maabara, usubiri mayai yaanguliwe. Maji ya mafuriko yakikaa wiki kadhaa, mbu wa aina nyingine, Culex, huingia na kukisambaza kirusi zaidi.

Usalama sitauzungusha. Binadamu wengi hukipata kwa kushika damu na viungo vya mnyama kuliko kwa kuumwa na mbu, na watafiti wa mwanzo pale Naivasha, mwaka 1930 na 1931, waliugua wenyewe. Kondo na kijusi usivishike bila glavu mbili, barakoa na miwani. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Iende moja kwa moja kwenye boksi lake. Ukikaribishwa maziwa mabichi, omba chai. Hakuna atakayenuna, na maziwa yatakuwa yamechemka.

Halafu kuna jambo ambalo madarasani halisemwi sana. Mfugaji anajua mapema kuliko sisi. Huko Garissa mwaka 2006, maambukizi kwa watu yalithibitishwa Desemba, ilhali wafugaji walikuwa wameshaona mafuriko, mbu wasio wa kawaida na mimba zikitupwa. Mbona basi mwingine akufiche? Kwa sababu ugonjwa ukitangazwa, minada hufungwa na uchinjaji husimamishwa. Mwaka 2000, ulipoingia Saudi Arabia na Yemen, nchi za Ghuba ziliacha kununua mifugo ya Pembe ya Afrika, na mnada uliofungwa haumlipii mtu ada ya shule.

Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Ugonjwa huu ni wa kuripotiwa kisheria: PCR chanya, au IgM chanya kwa mnyama asiyechanjwa, itafika kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na hilo umwambie kabla hajasaini fomu ya ridhaa. Mwambie pia kwamba IgG peke yake haina maana kuwa mnyama anaumwa leo. Na majibu yakitoka mpigie yeye kwanza, umtajie namba ya hereni ya kila mnyama, kwa lugha anayoielewa. Wengi wameshatolewa damu ya mifugo yao na timu ambazo hazikurudi. Ukimkuta mkali siku ya kwanza, huenda ni deni la waliokutangulia.