Kuhusu chumvi ya mtoto wa figo na wenzake nyumbani

Pole sana mama. Umeuliza ufanyeje, mwanao wa nefrotiki, ugonjwa wa figo, kakatazwa chumvi na ndugu zake wanalalamika chakula hakina ladha. Wangu alianza kuvimba macho asubuhi, tukaambiwa figo zinapitisha protini kwenye mkojo. Hapa Igoma, Mwanza, tuliacha kumpikia peke yake. Sufuria ni moja, haina chumvi: sato mbichi, kitunguu, tangawizi, ndimu ya kutosha. Anayetaka chumvi anajinyunyizia kwenye sahani yake. Dagaa wa chumvi hawaingii kabisa. Kumtenga mtoto na sahani yake pembeni kunamuuma kuliko sindano, niamini.

Prednisoloni, dawa anayopewa kwa ugonjwa huu, itamfanya aombe chakula kila saa na uso ujae. Usimfokee, ni dawa inayomfanya hivyo. Wala usiikatishe ghafla hata uvimbe ukiisha, daktari ndiye anayeipunguza kidogo kidogo.

Mkojo napima kila asubuhi kwa kijiti cha kupima protini, naandika kwenye daftari, kliniki hospitali ya Bugando naenda nalo. Mdogo wake ndiye anayelinganisha rangi za kijiti na za kwenye kopo. Tangu nimpe kazi hiyo, wivu wake kwa mwenzake anayeumwa umepungua sana.