Anza na shikamoo

Hapa Tanga tunapenda kujisifu kwamba hatubaguani. Wazee waliokuwa TANU waliikariri ile ahadi, "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja," na baadhi yao, nawajua, walirudisha posa kwa sababu kijana katoka bara, au mweusi mno.

Mimi ni mjukuu wa manamba. Babu aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, enzi ambazo kibarua alikuwa namba kabla ya kuwa mtu. Neno lenyewe limetoka huko. Shuleni Ngamiani walinitania nalo nikalia. Jioni, machozi yamekauka, natumwa sukari "kwa Mhindi" na wala sioni ubaya. Mzee yule alinijua kwa jina, akajua hali yetu mwisho wa mwezi, akaandika deni bila maswali. Alizaliwa hapahapa, na baba yake vilevile. Jina lake nimelijua siku ya msiba wake. Kwa hiyo kabla hujamrekebisha mtu, hesabu kwanza wale unaowaita kwa rangi au kabila, ukaulize majina.

Halafu kuna hili la "boi". Duka la jumla, mwenye duka kijana wa miaka thelathini hivi, mbeba mizigo ana mvi kichwa kizima. "Boi! Leta gunia la mchele." Wateja tulikuwa watatu, wote tukainamia simu. Nikalipa, nikaondoka, na usiku kucha nikawa namwona babu.

Wiki iliyofuata nikarudi nimejipanga kumsema mwenye duka. Kufika, ulimi ukawa mzito, nikajikuta nimemgeukia mzee. "Shikamoo, baba." Kwa sauti. "Marahaba, mwanangu." Duka likanyamaza kidogo. Nani atagombana na salamu? Watu walipopungua ndipo nikamwambia yule kijana: "Kaka, huyu ana wajukuu." Akajibu kwamba hata baba yake alimwita hivyohivyo na mzee hajawahi kulalamika. Radhi hakuomba. Ila siku hizi nasikia "mzee, shusha hapa", angalau nikiwepo.

Kufoka mbele za watu nako nimejaribu, ndani ya daladala. Aliyetukana akapata watetezi. Aliyetukanwa akashuka kituo kisicho chake.

Ukibaguliwa kazini ni habari nyingine, hapo salamu haitoshi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, maana kuna ukomo wa siku. Bila maandishi utabaki na hasira tu.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Shangazi yangu akipewa kichanga hukimbilia masikio, ajue mtoto akikua atakuwa mweupe au mweusi. Kwenye arobaini ya mwanangu akayakunjua, akasikitika: "Maskini, huyu hana rangi." Mama akanikonyeza ninyamaze.

"Shangazi," nikamwambia, "hayo ni masikio ya baba yako."

Akayashika tena, taratibu. "Na yamechongoka hivihivi juu," akasema. "Ni yake kweli."