Kaya ni chungu kimoja: ushauri kwa anayeanza kazi ya ufuatiliaji na tathmini

Kosa langu kubwa katika kazi hii nililifanya kwenye neno la herufi nne. Ilikuwa mwezi wa pili, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Mvua ilikuwa imekata tangu Januari na mtama umekauka ukiwa unafika magotini. Shirika nililokuwa nafanyia kazi lilikuwa linajiandaa kugawa mahindi, nami nikapewa wadodosaji 6 na siku 4 za kuhakiki kaya. Tulifika kwenye tembe ya mzee mmoja, tukasalimiana, nikamuuliza, "Babu, hapa kuna kaya ngapi?" Akajibu bila kusita, "Kaya moja, mwanangu." Nikabonyeza 1 kwenye kishikwambi, nikaandika watu 14, tukaaga.

Kwa Kiswahili cha takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa Kigogo, kaya ni boma zima: ua, zizi la ng'ombe na nyumba zote zilizomo. Ndani ya boma hilo kila mke ana nyumba yake, akiba yake ya nafaka na jiko lake. Mzee hakunidanganya. Nilimuuliza, akajibu kwa lugha yake, mimi nikaandika kwa lugha ya ofisi. Siku ya mgao boma lile likapewa fungu la kaya moja. Mke mkubwa akalipokea. Mke mdogo, mwenye watoto watano, akarudi nyumbani na kiroba kitupu alichokuwa amekuja nacho.

Nilimkuta wiki mbili baadaye tulipokwenda kufuatilia matokeo ya mgao. Hakunigombeza. Alinikaribisha kigoda, akaingia ndani, akatoka na chungu chenye masizi hadi shingoni, akakiweka chini mbele yangu. Kilikuwa na ukoko wa mlenda mkavu pembeni. Akasema, "Hiki ndicho chungu changu. Mlikihesabu?"

Tulirudia uhakiki wa kitongoji kile chote, na tulikuta maboma mengine yenye hali ileile. Tangu siku hiyo siulizi "kaya ngapi" mahali popote. Nauliza, "Jana jioni hapa vilibandikwa vyungu vingapi?" Halafu naomba nimwone kila aliyebandika. Ukiwa mgeni katika kazi hii, iwe umesoma Chuo cha Mipango hapa Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au kwingineko, anzia hapo. Kanuni za sampuli umeshafundishwa. Ila hakuna kanuni ya sampuli inayoponya hesabu iliyokosewa mlangoni kwa mtu.

Madodoso mengi ya misaada huandikwa mbali, yakatafsiriwa haraka, yakaingizwa kwenye KoboToolbox, ile programu ya kukusanyia majibu kwa simu au kishikwambi, yakakufikia siku moja kabla ya safari. Usikubali kwenda nayo hivyo hivyo. Chukua siku nzima, kaeni na wadodosaji wenu chini ya mti, kila mmoja asome swali kwa sauti na wenzake wajibu kama mama zao wangejibu. Hapo ndipo utasikia maajabu. "Jana mlikula mara ngapi?" Mama anajibu, "Hatukula," na mtoto aliye mgongoni ana uji kwenye shavu. Hasemi uongo, maana kwa wengi wetu kula ni ugali, na asiyepata ugali hajala. Kwa hiyo uliza kwa kufuata siku ilivyokwenda: mlipoamka kiliingia nini mdomoni, jua lilipopanda, mliporudi shambani. Vivyo hivyo ukiuliza mboga za majani, wapo watakaokujibu kwamba hawajala, kwa sababu mlenda wa unga uliokaushwa msimu uliopita hawauhesabu kama majani.

Neno lililonifundisha zaidi ni kuhemea, yaani kutoka nyumbani kwenda kutafuta chakula. Dodoso letu lilikuwa linauliza kama kaya "iliazima chakula" ndani ya siku 7 zilizopita. Mlango baada ya mlango, jibu lilikuwa hapana. Nilikaribia kuandika kwamba hali inavumilika. Mdodosaji mmoja, binti wa Mpwapwa, akaomba ruhusa aulize kwa namna yake: "Kuna aliyekwenda kuhemea?" Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu. Baba yuko Kibaigwa anabeba magunia sokoni, kijana yuko Dodoma mjini kwenye kibarua cha ujenzi, shangazi amekwenda kwa ndugu zake Kongwa na watoto wawili. Siku hiyo tuliongeza swali la nani hayupo na kaenda kutafuta nini. Tukaongeza na lingine ambalo hadi leo naliamini kuliko mengi: mbuzi mmoja leo anapata madebe mangapi ya mahindi? Mbuzi anaposhuka na debe linapopanda, mfugaji anaumia mara mbili, na utaliona hilo sokoni kabla halijaonekana kwenye mikono ya watoto.

Niseme kidogo kuhusu alama ya ulaji wa chakula (Food Consumption Score), kipimo cha namna kaya inavyokula, kwa sababu hapa Ugogo inadanganya watu wengi wenye nia njema. Unauliza kila kundi la chakula limeliwa siku ngapi kati ya 7, unazidisha kwa uzito wake: nafaka 2, kunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki na mayai 4, maziwa 4, sukari na mafuta nusu nusu. Kaya isiyozidi alama 21 iko katika hali mbaya, na hadi 35 iko mpakani. Sasa fikiria nyumba yenye ng'ombe mmoja anayekamuliwa kikombe. Wanatia maziwa kwenye chai kila asubuhi, tone la kugeuza rangi tu. Mdodosaji akiandika "maziwa siku 7", hizo ni alama 28 peke yake, na nyumba yenye njaa imevuka mstari kwa sababu ya rangi ya chai. Kiasi kidogo kama hicho ni kiungo, si chakula, na mwongozo wa kipimo wenyewe unakubali hivyo. Wafundishe wadodosaji wako waulize kama maziwa yalinywewa kwa kikombe au yalitiwa tu.

Kwa watoto kuna utepe wa kupima mzunguko wa mkono: mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, mpeleke kituo cha afya leo, usisubiri ripoti. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Kipimo hiki ni cha watoto wa miezi 6 hadi 59, na umri ndio unaosumbua pale ambapo kadi ya kliniki imepotea au imeliwa na mchwa. Tengeneza kalenda ya matukio pamoja na wazee wa kijiji. Wazee wa Ugogo wamezoea kupanga miaka kwa majina ya njaa, na hadi leo Mtunya, ile njaa kubwa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, inatajwa. Mama kijana naye ana alama zake: uchaguzi wa Oktoba 2020, msiba wa Rais Magufuli Machi 2021, sensa ya Agosti 2022. Mama mmoja aliniambia mwanawe alizaliwa "redio zinapiga nyimbo za maombolezo tu." Tarehe hiyo haikuhitaji kadi.

Halafu nenda kwenye mashine ya kusaga. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, niligundua mwenyewe nikisubiri gari. Mwendesha mashine anakijua kijiji kwa vyombo. Baada ya mavuno akina mama wanakuja na debe. Ikifika Januari wanakuja na sado. Ukiona mtu amefunga kopo moja la mtama kwenye pindo la kanga na anaomba asagiwe hivyo hivyo, mambo yameharibika, na dodoso lako litathibitisha tu mwezi ujao. Kila ninapofika kijijini sasa nakaa pale saa nzima. Naandika ninachokiona, siku na saa, kisha nalinganisha na majibu ya kaya. Pale vinapogongana narudi kuuliza.

Kisimani nako utasikia yale ambayo sanduku la maoni halitakuambia. Masanduku hayo tunayafunga kwenye ofisi ya mtendaji, yana kufuli zuri, na ndani hamna kitu. Nani ataandika malalamiko kuhusu orodha ya mgao mbele ya dirisha la aliyeiandika orodha? Weka mtu wa kuaminika wa kusikiliza, mwanamke awe mmojawapo, na namba ya simu isiyolipiwa kama shirika linaweza. Kisha jibu. Ukichukua malalamiko mara moja usirudishe jibu, hutaletewa la pili.

Viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinasema angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, watu wasiozidi 250 kwa bomba, umbali usiozidi mita 500, na foleni isiyozidi dakika 30. Kwenye ripoti moja tuliandika vituo vya maji vimekamilika vyote, na ilikuwa kweli. Nilipokwenda saa 11 alfajiri nilikuta ndoo zimepangwa tangu usiku, na binti wa darasa la sita amelala kando ya ndoo ya mama yake akiilinda. Vituo vilikuwepo, lakini maji yalitoka kwa muda wa saa mbili tu kwa siku. Hesabu kitu kilichojengwa, lakini nenda pia saa ambayo watu wanakitumia.

Juu ya barua na vibali sitakaa sana: pitia mkoa na halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na usiruke hata mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo orodha ya wanufaika yenye majina na namba za simu haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, na picha ya mtoto aliyekonda haipigwi bila ridhaa ya mzazi aliyeelewa itakwenda wapi.

Jambo gumu zaidi liko ofisini. Ukiuliza watu kama wameridhika na msaada, watakuambia "tunashukuru sana", kwa adabu na kwa hofu kwamba ukinung'unika hutaandikwa tena. Wakubwa wako watapenda jibu hilo. Mimi nauliza, "Ungekuwa wewe ndiye unayegawa, ungebadilisha nini?" Hapo watu wanaongea. Yanayotoka ni machungu mara nyingi: mgao ulikuja shamba limeshapaliliwa, mahindi yalikuwa na bungua, bibi alitembea kilomita 9 akakuta wamefunga. Peleka habari hizo siku ileile, kwa simu, kabla ya jedwali na kabla ya rangi za Excel. Nimegombana na wasimamizi kwa sababu hiyo, na mara moja mkataba wangu haukurefushwa. Ila kwenye mgao uliofuata wa mradi ule kituo cha pili kilifunguliwa karibu na akina bibi, na hilo lilitokea kwa sababu habari iliwahi.

Na urudi. Matokeo ya tathmini yakikamilika, yapeleke kwenye mkutano wa kijiji, kwa maneno na kwa mawe chini ikibidi, si kwa kompyuta. Kijiji kimoja cha Bahi tulipanga mawe 10 kuonyesha kaya zilizokula mlo mmoja tu kwa siku, tukatenga manne. Akina mama wakanong'ona, mmoja akasimama, akaongeza mawili, akataja vitongoji viwili ng'ambo ya korongo ambako gari letu halikufika kwa sababu ya tope. Tulikwenda kesho yake kwa miguu na tukakuta ni kweli.

Kwa hiyo ukiandaa bajeti ya tathmini, tenga kwanza siku mbili za mrejesho na nauli ya wadodosaji kurudi kijijini. Fedha hiyo usipoiandika mwanzoni, mwisho wa mradi hutaipata.