Maswali ya Wasomaji: Sauti inaachana na midomo

SWALI: Nimepiga filamu fupi kwa simu, sauti nikaichukua pembeni kwa rekoda. Mwanzo wa shoti mdomo na sauti vinakwenda pamoja, ila ikifika dakika ya tatu mhusika amefunga mdomo na sauti bado inaongea. Rekoda mbovu? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Rekoda ni nzima, simu ndiyo inayoyumba. Umeiwekea fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukififia au simu ikipata moto inashuka hadi 28, kisha inapanda tena. Programu ya kuhariri inazicheza zote kwa kasi ya 30, kwa hiyo picha inawahi kuisha.

Usianze kukata. Pitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, uchague fremu 30 zenye kasi isiyobadilika. Usizishushe kuwa 25, miondoko itarukaruka. Kama umeshakata, pole, itabidi uikate sauti sentensi kwa sentensi na kuisogeza.

Safari ijayo tumia app ya kamera inayokuruhusu kufunga vipimo visibadilike: fremu 25, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na ukipiga kwa 1/60 chini ya taa za tyubu utaona mistari inapanda na kushuka ukutani. Rekoda iwe 48 kHz, biti 24, kilele cha sauti kisivuke -12 dB. Kila shoti piga kofi moja mbele ya kamera. Fremu ambayo viganja vinakutana ndiyo unayoilinganisha na mchomo wa kwanza kwenye wimbi la sauti.

Na mazungumzo ya ndani yasubiri kiangazi. Mvua ikishapiga bati, hakuna programu ya kuiondoa bila kumfanya mhusika asikike kama yumo ndani ya pipa.

SWALI: Naandika, naongoza na kuhariri mwenyewe. Skripti ya kurasa 30 inafaa filamu ya dakika 15? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Hapana. Ukurasa uliopangwa kiskripti ni kama dakika moja, hivyo umeandika nusu saa. Kata sasa, karatasi haidai nauli ya waigizaji. Anza kwa kukata salamu: kamwene, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, karibu kiti, hapo nusu ukurasa umekwenda na hakuna kilichotokea. Ingia kwenye onyesho watu wakiwa wameshakaa. Ukifika kuhariri, tazama mkato wa kwanza bila sauti. Penye kukuchosha punguza, hata kama ndiyo shoti iliyokugharimu siku nzima.