Anayeuza Asishike Kalamu ya Ukaguzi

Ukiteuliwa kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi ya magari, boti au mitambo ya serikali, uliza kwanza: fomu nitakayosaini imejazwa na nani? Nimekaa kwenye kamati hizo kwa muda mrefu katika taasisi ya umma, na ushauri wangu wote unaanzia hapo.

Kuna siku tulipokea malori. Mwakilishi wa mzabuni alikuja na fomu imeshajazwa, kila kisanduku kina tiki, zimebaki sahihi zetu. Mwenzetu fundi akachuchumaa, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi na kusoma tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi la lori jipya lilikuwa limekaa miaka minne tangu litoke kiwandani. Basi tukayapitia malori yote, tukalinganisha namba za chesisi na hati moja baada ya nyingine. Sahihi hazikutoka mpaka matairi yalipobadilishwa.

Hayo yalikuwa matairi. Walinzi wa Pwani wa Marekani walipoteza boti nzima nzima. Juni 2002, katika mradi ulioitwa Deepwater, waliipa kampuni ya ubia wa Lockheed Martin na Northrop Grumman kazi ya kuwabadilishia meli, ndege na mitambo ya mawasiliano, kwa makadirio ya dola bilioni 17. Mkandarasi hakupewa kujenga tu. Alishiriki kuamua nini kinunuliwe, akachagua wakandarasi wadogo, na watu wake ndio walioongoza timu za pamoja ambazo serikali ilizitegemea kuusimamia mradi. Mwaka wa kwanza alipewa alama 87 kwa mia na bonasi ya dola milioni 4 kati ya milioni 4.6 zilizotengwa, ingawa mwaka 2004 GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, walisema wazi kwamba usimamizi wa mradi ni dhaifu.

Boti za doria za futi 110 zilitakiwa zirefushwe hadi futi 123. Zilirefushwa nane. Mwaka huohuo wa 2004 moja yao, Matagorda, ilianza kujikunja mabati ikiwa baharini. Novemba 2006 zote nane ziliondolewa kazini, na karibu dola milioni 100 zikawa zimepotea. Mhandisi wa Lockheed Martin, Michael DeKort, alikuwa ameeleza kasoro za mitambo ya boti hizo ndani ya kampuni kwanza. Alipoona hasikilizwi, Agosti 2006 akaweka video YouTube. Inaniuma kwamba mtu mwenye taarifa sahihi alilazimika kufika huko. Aprili 2007 mkuu wa Walinzi wa Pwani, Thad Allen, alitangaza kwamba taasisi yake itausimamia mradi yenyewe.

Kwa hiyo, mahitaji ya kiufundi yaandikwe na watu wenu kabla mzabuni yeyote hajaingia ofisini. Ukiona vipimo vinafanana neno kwa neno na kipeperushi cha kampuni moja, simamisha zabuni. Malipo yafuate kilichopimwa, kamwe yasifuate taarifa ya maendeleo aliyoiandika anayelipwa. Usikubali usafiri wala chakula chake siku ya ukaguzi, hata kama mahali pa ukaguzi pako mbali.

Wakubwa wakisema gari linahitajika haraka, na watasema, andika hoja yako na udai iingie kwenye muhtasari wa kikao kwa jina lako. Mkaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akija miaka miwili baadaye atasoma karatasi, hatasoma minong'ono ya korido.

Na kama kwenye kamati hamna anayejua injini au chombo cha majini, msikisie. Ombeni kwa maandishi mtaalamu wa TEMESA, wakala wa serikali ya Tanzania wa ufundi na umeme, au wa chuo cha ufundi, na posho yake ilipwe na taasisi yenu.