Jina la Wakwe Zangu: Namna ya Kulifuatilia Jina Adimu la Kifaransa

Mama yangu hakuuliza mchumba wangu anafanya kazi gani. Aliuliza jina. Nilipomtajia kwa simu kutoka Nancy, mashariki mwa Ufaransa, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, hilo ni jina la kina nani?"

Kwetu Tanga mtu anajitaja, anamtaja baba, anamtaja babu, na kabla hajafika kwa babu mzaa babu wazee wameshaijua nyumba. Mimi sikuwa na jibu, na mchumba wangu naye hakuwa nalo. Jina lao ni adimu kiasi kwamba hata Wafaransa wenzao humwomba alitaje herufi moja moja. Basi nikafanya wanavyofanya wengi. Nikalitazama jina, nikaona ndani yake neno "pain", yaani mkate, nikamjibu mama kuwa tumeoana na ukoo wa waoka mikate. Mama akafurahi, akalifikisha jibu hilo hadi msibani na harusini. Miaka sita baadaye niligundua kuwa nilimdanganya, na nilipata kazi kubwa kulirudisha neno lililokwisha kuenea mtaa mzima.

Ninayoandika hapa ni kwa yeyote aliyeolewa au kuoa huko, au mwenye mtoto anayebeba jina la Kifaransa ambalo hakuna anayeweza kumweleza.

Jina lenyewe la wanangu silitaji. Jina likiwa la watu wachache, kulitaja hadharani ni kuonyesha mlango wa nyumba. Mwenye jina la Martin, ambalo ndilo linaloongoza kwa wingi Ufaransa, anaweza kuandika lolote mtandaoni akapotea katika umati. Mwenye jina la watu sitini hana umati wa kujifichia. Kwa hiyo unapouliza habari za jina adimu kwa watu usiowajua, taja wazee waliokwisha kufa. Majina ya watoto na ya walio hai yabaki nyumbani.

Mfano wangu utakuwa jina ambalo tayari ni mali ya historia: Poincaré.

Nilisoma Nancy wakati chuo kikiitwa Université Henri Poincaré, kabla hakijaunganishwa na vingine mwaka 2012 kuwa Université de Lorraine. Kwa hiyo nilitembea na jina hilo kwenye kitambulisho changu kwa miaka. Henri Poincaré, mwanahisabati, alizaliwa hapo Nancy mwaka 1854. Raymond Poincaré, rais wa Ufaransa kuanzia 1913 hadi 1920, alizaliwa Bar-le-Duc mwaka 1860. Baba zao walikuwa ndugu, na babu yao, mfamasia, alitoka Neufchâteau, mji mdogo wa mkoa wa Vosges. Jina kubwa namna hiyo, lakini ukitafuta watu wanaoitwa hivyo utakuta ni wachache mno, na mizizi yao ni Lorraine.

Sasa lisikilize. Mfaransa akilitamka, unasikia "point carré", nukta ya mraba. Kwa mwanahisabati inanoga mno, na wanafunzi wenzangu walikuwa wanaamini hivyo kabisa. Lakini maandishi ya zamani yanasema vingine. Mwaka 1403 alikuwepo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Paris aliyeandikwa kwa Kilatini Petrus Pugniquadrati. Mwaka 1418 anatajwa Jehan Poingquarré, karani wa malkia Isabeau. "Poing" ni ngumi. Herufi ya mwisho haitamkwi, hivyo "poing" na "point" sikioni ni kitu kimoja, na karne zilipopita ile g ikaanguka hata kwenye maandishi. Karani wa mwaka 1403 alipolitia jina katika Kilatini alichagua neno la ngumi kwa sababu yeye bado alikuwa anaielewa lakabu hiyo: mtu mwenye ngumi ya mraba, mkono mpana, mzito. Karani huyo ni shahidi bora kuliko kamusi zote za leo, maana aliishi wakati jina lilipokuwa bado na maana midomoni mwa watu.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la mkate. Nilikuwa nasoma tahajia ya leo kana kwamba ndiyo iliyoandikwa siku ya kwanza. Majina ya Ufaransa yaliyumba kwa karne nyingi. Padri mmoja aliandika hivi, aliyemfuata akaandika vile, na baba wa mtoto mara nyingi hakujua kusoma ili amsahihishe. Sheria ya mwaka 1794 ilikataza mtu kutumia jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa, na kitabu cha familia kilipoanza kutolewa mwaka 1877 tahajia ikatulia. Mahali ilipotulia palikuwa pa bahati tu, kutegemea karani alisikia nini siku hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na maana. Anza na mahali. Swali la mama yangu, "ni la kina nani," ndilo swali sahihi, na mimi niliyesoma chuo kikuu nilikimbilia swali lisilo sahihi.

Mahali unapapata hivi. Idara ya takwimu ya Ufaransa, INSEE, ilitoa hesabu ya watoto waliozaliwa kwa kila jina la ukoo kuanzia 1891 hadi 1990, imegawanywa katika vipindi vinne vya miaka 25, mkoa kwa mkoa. Tovuti kadhaa zimeigeuza hesabu hiyo kuwa ramani. Andika jina, tazama kipindi cha kwanza, 1891 hadi 1915, kabla watu hawajatawanyika kufuata reli na viwanda. Jina la kawaida litaijaza ramani nzima. Jina adimu litakuonyesha mkoa mmoja au miwili, na hapo karibu ndipo kisima chake kilipo. Jina la mume wangu lilionekana kwenye mikoa mitatu inayopakana, na ule wa katikati ulikuwa na wengi kuliko mingine yote pamoja.

Usizisome hesabu hizo kama sensa. Zinahesabu waliozaliwa, hazimwondoi aliyekufa wala hazimweki aliyezaliwa nje ya nchi. Tena daftari zilimotoka lilianzishwa miaka ya 1940, kwa hiyo wengi waliokufa kabla ya hapo hawamo, na kipindi cha kwanza kina mapengo. Pengo moja ni kubwa mno: vijana wa vita ya 1914 hadi 1918. Ufaransa ilipoteza wanajeshi karibu milioni 1.4. Wizara ya ulinzi imeweka kadi zao mtandaoni katika tovuti inayoitwa Mémoire des hommes, na kila kadi inataja mtu alipozaliwa. Mimi niliandika jina la wakwe zangu pale usiku mmoja nikiwa peke yangu jikoni. Zilitokea kadi kumi na moja. Wanne walikuwa wamezaliwa katika kitongoji kimoja. Nilizima taa, lakini usingizi haukuja upesi.

Kitongoji kikishajulikana, kazi iliyobaki ni ya uvumilivu. Kila mkoa una nyaraka zake, na nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 20 Septemba 1792. Kabla ya hapo walioandika ni mapadri. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vinafunguliwa kwa wote baada ya miaka 75, vya vifo huna haja ya kusubiri hivyo. Yapo majedwali ya kila miaka kumi yaliyopangwa kwa alfabeti. Hayo ndiyo yatakayokuokoa macho. Utakutana na tarehe za ajabu, mwezi wa brumaire, mwaka wa nne. Hiyo ni kalenda ya Mapinduzi, iliyotumika hadi mwisho wa 1805, na kuna vikokotoo vya kuibadili. Kama ukoo ni wa Lorraine kama wetu, kumbuka kuwa nchi hiyo ilikuwa utawala wa kando mpaka ilipoingia Ufaransa mwaka 1766, na sehemu ya Moselle ilitawaliwa na Wajerumani kuanzia 1871 hadi 1918. Usishangae ukikuta jina la babu limeandikwa Kijerumani.

Na jambo moja lililonifurahisha kwa dhati: mwanamke katika vyeti vya Ufaransa haandikwi kwa jina la mume. Anazaliwa, anaolewa na anazikwa kwa jina la baba yake, na la mume analitumia akitaka tu. Nilipomweleza mama alisema, "Kumbe nao wana binti fulani." Ukikwama kwa wanaume, fuata wanawake. Mimi nilivuka ukuta wa miaka arobaini kwa kumfuata bibi mmoja mjane aliyeolewa mara ya pili kijiji cha jirani.

Huko, katika daftari la padri la miaka ya 1690, jina la wanangu limeandikwa kwa "pin." Msonobari, si mkate. Maneno hayo mawili, "pain" na "pin", yanatamkwa sawasawa. Karibu na kitongoji kile mpaka leo kuna kilima chenye jina la msonobari. Hawakuwa waoka mikate. Walikuwa watu wa penye msonobari, kama kwetu mtu anavyoweza kuitwa wa Mbuyuni. Majina mengi ya Kifaransa ni ya aina hiyo: Dubois wa msituni, Dupont wa darajani. Mengine ni ya kazi, ya baba, au lakabu kama Legrand na huyo mwenye ngumi. Lakini kusema jina ni la aina gani bila mahali wala maandishi ni kubahatisha tu.

Baba mkwe alipokea habari za msonobari kwa uzito kidogo, kwa sababu ukutani kwake kulikuwa na nembo ya ukoo, ngao yenye simba na taji, aliyouziwa na kampuni moja pamoja na cheti kuwa wao ni watu wa ngome. Nilimheshimu, sikusema kitu kwa miezi. Wewe nakwambia mapema: usinunue. Nembo ya ukoo Ufaransa haikuwa ya makabaila peke yao. Mwaka 1696 Mfalme Louis XIV, akitafuta fedha za vita, aliamuru nembo zote ziandikishwe kwa malipo, na zaidi ya 100,000 ziliandikishwa, nyingi zikiwa za wafanyabiashara na mafundi, baadhi yao wakibuniwa nembo na kupewa bila kuomba. Nembo ya mtu mmoja mwenye jina kama lako haikufanyi mjukuu wake. Siku niliyomwonyesha baba mkwe sahihi ya babu yake wa saba, msalaba uliochorwa na mkono usiojua kalamu, aliigusa kwenye skrini kwa kidole. Ngao aliishusha ukutani mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Kwa nini majina haya yanakuwa adimu? Swali hilo lilishughulikiwa na Mfaransa mwenye jina zuri, Irénée-Jules Bienaymé, "mpendwa", mwaka 1845. Aligundua kwa hesabu kwamba pale jina linapopita kwa wana wa kiume tu, na kila mwanamume kwa wastani akaacha mwana mmoja wa kulirithi au pungufu, jina hilo hatimaye litakufa. Hata wastani wa mmoja kamili hautoshi, kwa sababu mmoja ana watatu na mwingine ana mabinti watupu. Tazama akina Poincaré: Henri alikuwa na mabinti watatu na mwana mmoja, Raymond hakupata mtoto. Juu ya hesabu hiyo weka vita. Baada ya vita majina mengi yalikuwa yanazimika, hata sheria ikapitishwa tarehe 2 Julai 1923 ya kumruhusu jamaa wa karibu kulibeba jina la mtu aliyeifia nchi bila kuacha mtoto, akiwa wa mwisho wa ukoo wake. Waziri mkuu wakati huo alikuwa Raymond Poincaré.

Mama aliposikia habari hizi hakuuliza tena habari za mkate wala msonobari. Aliuliza, "Na wewe una mabinti wawili. Jina la watu wataliua?"

Hapana. Kwa watoto waliozaliwa tangu 2005 wazazi wanachagua: jina la baba, la mama, au yote mawili. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 mtu mzima anaweza, mara moja maishani, kwenda ofisi ya meya na kujaza fomu ya kuchukua au kuongeza jina la mzazi wa pili. Anapewa mwezi mmoja afikiri, kisha anarudi kuthibitisha. Hakuna wakili wala sababu ya kueleza.

Jina langu kwenye karatasi za Kifaransa ni Mbwana, kwa sababu karani wa kwanza aliuliza jina la ukoo nami nikataja la baba. Wenzetu wa Mayotte walipitia hayo kisiwa kizima: kwa sheria ya mwaka 2000 watu waliozoea kujiita kwa jina la baba walitakiwa kupata jina moja la ukoo lisilobadilika. Kwa hiyo baba yangu, Mzee Mbwana, ambaye hakuwahi kupanda ndege, amekuwa ukoo Ufaransa bila kujua.

Binti yangu mkubwa anatimiza miaka 18 mwezi wa Septemba. Ameshachukua fomu. Jana alimpigia bibi yake kumuuliza Mbwana ni mtoto wa nani, na bibi akaanza kumhesabia.