Gari likikosa nguvu mlimani, usikimbilie giaboksi

Dada, nimelisoma swali lako vizuri. SUV ndogo ya petroli kutoka Japani, gia ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Mjini halina shida, lakini ukitoka Kinoo, pembeni mwa Nairobi, kupanda kuelekea Limuru, injini inalia juu na mwendo hauongezeki, kisha nguvu zinakwisha kabisa. Ukipita kilomita 60 kwa saa kuna mvumo chini. Fundi kasema giaboksi imekufa, utafute nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Halafu ukaenda kusoma malalamiko ya wenye gari kama hilo Marekani, usingizi ukapotea, na sasa unataka kuliuza.

Usiliuze bado. Na pesa ya giaboksi kaa nayo.

Langu ni la umbo hilo hilo, jina naliacha, na lilinifanyia hivyo hivyo kwenye mlima ule ule. Fundi wa kwanza alitoa hukumu kama ya wako, akiwa amesimama nje ya gari, mikono mfukoni. Nilimwomba tu tupande nalo mlima kifaa cha kupimia kikiwa kimechomekwa chini ya usukani, tuone joto la oili ya giaboksi. Vifaa hivyo siku hizi ni vidogo, vinaongea na simu. Sindano ya joto kwenye dashibodi ilikaa katikati njia nzima, kwa sababu inapima maji ya injini, haina habari na giaboksi. Lakini kwenye simu joto la oili ya gia lilikuwa linapanda bila kusimama, na lilipofika juu gari likapunguza nguvu lenyewe. Hiyo ni kompyuta ya gari inayoilinda CVT isiungue. Ukisimama kando dakika kadhaa injini ikiwa inanguruma, linarudi kama kawaida. Giaboksi iliyokufa haifufuki kwa kupumzika.

Sasa swali likawa: kwa nini oili inachemka? CVT haina gia za meno kama zile tulizozoea. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati, na kinachobana mkanda usiteleze ni presha ya oili. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopoza. Katika magari mengi ya aina hii inapita kwenye kipozeo kidogo kinachotumia maji ya radieta, chenye vijia vyembamba sana. Cha kwangu kilipofunguliwa kilikuwa kimejaa tope la rangi ya kutu. Maji yalikuwa hayapiti.

Tope lilitoka wapi? Hapa ndipo Nairobi inapoingia. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Injini nyingi hufanya kazi karibu na joto hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha radieta. Kifuniko kikilegea mpira, maji yanapungua kidogo kidogo bila kuvuja popote unapoona. Mtu anaongeza ya bomba. Wiki ijayo anaongeza tena. Na ukiacha gari kwa waosha magari, kuna kijana atakujazia kwa wema tu, bila kuulizwa. Kulanti, yaani maji ya radieta yenye dawa ya kuzuia kutu, inakuwa nyepesi, kutu na chumvi za maji ya kisima zinajikusanya, na mahali pembamba kuliko pote ndipo panapoziba kwanza. Kifuniko ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, na watu wanabadilisha giaboksi.

Jirani yangu alibadilisha. Alipata iliyotumika, ikafungwa, kipozeo kikaachwa kile kile cha zamani. Ikaja kuchemka vile vile. Tena ilikuwa inashtuka kila akitoka kwenye taa, kwa sababu CVT nyingi zina vipimo vyake ambavyo lazima viandikwe upya kwenye kompyuta ya gari ikibadilishwa, na aliyemfungia hakuwa na mashine ya kufanya hivyo. Kwa hiyo hata ikifika siku ukanunua nyingine kweli, muulize fundi mapema: vipimo utaviandika na nini? Akikutazama tu, ondoka.

Kwa lako, kabla ya lolote, sampu ya giaboksi, lile bakuli la chini linalokusanya oili, ifunguliwe mbele ya macho yako. Ndani yake kuna sumaku, kazi yake kunasa chuma. Zipanguse kwa kitambaa cheupe. Ukikuta uji wa kijivu, laini kama masizi, huo ni uchakavu wa kawaida, safisha uzirudishe. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vinavyokwaruza kidole, basi fundi wako alisema kweli ingawa hakuangalia, mkanda au puli vinaliwa. Nusa na oili: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imepikwa. Ya kwangu ilikuwa imeungua lakini sumaku zilikuwa na uji tu, ndiyo maana giaboksi ile ile bado inanipeleka Limuru. Kipozeo kilibadilishwa, mfumo wa maji ukasafishwa, kifuniko kipya, kulanti kamili, oili mpya. Oili yenyewe iwe ya CVT, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Likitiwa ATF ya kawaida, oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia za meno, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, mkanda utateleza, na hapo ndipo utaiua kwelikweli. Kumbuka pia ukifungua nati ya chini kwa kawaida inatoka kama nusu tu, iliyobaki imo ndani, kwa hiyo ukitaka safi lazima urudie baada ya kuendesha kidogo. Wale wanaosema oili ya CVT ni ya maisha, waulize maisha ya nani.

Kuhusu mvumo, mimi sidhani ni giaboksi. Nenda mahali penye barabara wazi, shika mwendo ule unaouleta, kisha yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto mvumo ukaongezeka, angalia beringi ya gurudumu la kulia, maana uzito umehamia huko. Ukikata kulia ukaongezeka, ni ya kushoto. Usipobadilika, tazama tairi kama zimeliwa vibaya. Kwa matuta na mashimo tuliyonayo, beringi, bushi na linki za stabilaiza ni vitu vya kubadilisha, havihitaji kilio. Na kama lako linavuta kwa magurudumu manne, usifunge tairi moja mpya na tatu zilizokwisha: magurudumu yatazunguka kwa kasi tofauti na mfumo wa nyuma utachakaa bure.

Siku likikwama usikubali livutwe kwa kamba. Lipandishwe lote juu ya lori. Injini ikiwa imezimwa pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, na magurudumu yakizungushwa hivyo vyuma vinasagana vikavu.

Hayo ya Marekani sasa. Sisemi watu wanadanganya. Ila malalamiko yana nchi yake. Mwaka 2018 wenye Honda CR-V ya turbo ya lita 1.5, China na Marekani ya Kaskazini, walilalamika petroli inaingia kwenye oili ya injini, na lilikuwa jambo la kweli, lakini lilihusishwa na baridi kali na safari fupi ambazo injini haipati joto. Baridi ya namna hiyo hatuna, hata Julai pale Limuru. Tena jina lile lile la gari, lililouzwa Japani na lililouzwa Marekani, linaweza kuwa na injini tofauti kabisa, kwa hiyo tazama kwanza namba ya injini yako kabla ya kurithi hofu ya mtu.

Halafu kuna lalamiko ambalo si ugonjwa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Limuru ni zaidi ya mita 2,200, kwa hiyo zaidi ya moja ya tano ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi hazipo ukifika. CVT ikikosa nguvu hupandisha mizunguko ya injini na kuishikilia hapo, ndiyo ile kelele. Ukiwa na watu watano na magunia ya viazi, litalia tu, hata jipya. Kulia ni kawaida yake, kupunguza nguvu lenyewe ndiko kunakotaka fundi.

Lipeleke likapimwe likiwa linapanda, si likiwa limeegeshwa gereji. Kisha weka hapa namba za hitilafu zitakazosomwa na picha ya zile sumaku kabla hazijapanguswa, nitakuambia ninavyoona.